Kongwa: Mvua, Udongo na Hesabu ya Watu

Leo tunaziacha kidogo habari za mbolea na nafasi za kupandia, tunakwenda kuutazama mji mdogo mmoja katika nchi ya Wagogo. Mji wenyewe ni Kongwa, mkoani Dodoma. Wengi wenu mmelisikia jina hilo kwa ajili ya karanga, wengine kwa ajili ya ng'ombe wa ranchi. Sisi leo tutautazama kwa namna mahali pale palivyo, na kwa namna watu wake walivyoongezeka. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyowashinda wakubwa wa London mwaka 1947, na ndiyo yanayowabana wakulima wa Kongwa hivi sasa.

Tuanze na mahali. Ukitoka Dodoma mjini kwa barabara kuu iendayo Morogoro, unapita Chamwino, ukifika Mbande unachepuka kufuata njia ya Kongwa na Mpwapwa. Hapo umeingia katika uwanda mpana, juu ya usawa wa bahari kiasi cha mita 1,000 hivi. Upande wa kusini unaviona vilima vya Kiboriani, ambavyo ng'ambo yake ndiko Mpwapwa. Upande wa mashariki, mbali, iko milima ya Ukaguru. Mkulima aitazame vizuri milima hiyo, maana ndiyo inayoeleza nusu ya habari. Upepo wa mvua unatoka Bahari ya Hindi. Ukifika Ukaguru unapanda, unapoa, unamwaga maji huko huko. Unaposhuka upande wa Ugogo umekwisha kuwa mkavu. Wenye milima wanavuna migomba, wenye uwanda wanabaki kutazama mawingu yakipita.

Mvua ya Kongwa mahali pengi ni milimita 400 hadi 600 kwa mwaka, yaani inchi 16 hadi 24. Inanyesha msimu mmoja tu, tangu Desemba mpaka Aprili, kisha miezi ile mingine ni kiangazi kitupu. Tena ukiambiwa milimita 500 usidhani zinakuja kwa mpango kama maji ya bomba. Zinaweza kushuka nyingi kwa siku chache, mafuriko yakapita makorongoni, halafu Februari nzima jua likawaka na mtama ukajikunja majani. Mkulima wa Ugogo haulizi mvua imenyesha kiasi gani tu. Anauliza imenyesha lini, na imekatika lini.

Udongo nao una tabia yake. Sehemu kubwa ya uwanda ule ni udongo mwekundu wenye mfinyanzi uliochanganyika na mchanga mkali. Ukilowa unalimika vizuri, hata jembe la mkono linaingia. Ukikauka, bwana, unakuwa kama saruji. Ule mchanga ndani yake unasaga chuma: jembe linalolimia udongo kama huo halizeeki kwa kutu, linazeeka kwa kulika.

Wagogo waliijua nchi hiyo kwa kuishi humo. Walijenga tembe, nyumba za udongo zenye paa la bapa, zikiwa zimetawanyika, kila mji na mashamba yake na zizi lake. Walilima uwele na mtama, mimea inayovumilia ukame. Ng'ombe walikuwa benki yao: mwaka wa njaa ng'ombe anauzwa, chakula kinanunuliwa. Sehemu zisizo na maji waliziacha pori, wakachungia mifugo humo baada ya mvua na kutundika mizinga ya nyuki kwenye mibuyu. Mgeni akipita hapo kiangazi alisema nchi hii ni tupu, haina mwenyewe. Haikuwa tupu. Ilikuwa imepumzishwa, na sehemu nyingine ilikuwa imeachwa kwa sababu nzuri kabisa, kwamba hakuna maji ya kunywa.

Ipo pia sababu nyingine ya uchache wa watu. Vita ya kwanza ya dunia ilipopita Ugogo, Wajerumani kwanza na Waingereza baadaye walichukua nafaka, walichukua ng'ombe, walichukua wanaume wawe wapagazi. Ghala zikabaki wazi. Kisha mvua ikakosekana, ikaja na homa kali ya mafua ya mwaka 1918. Njaa iliyofuata, ya mwaka 1918 hadi 1920, Wagogo waliiita Mtunya. Inakadiriwa kwamba watu 30,000 hivi walikufa katika nchi iliyokuwa na watu kiasi cha 150,000. Mmoja katika kila watano! Nchi iliyopigwa hivyo haijai tena kwa miaka kumi wala ishirini. Kwa hiyo wataalamu walipokuja mwaka 1946 na kuona watu wachache, walikuwa wakitazama pia kovu la njaa ile, ingawa ripoti yao haikulitazama hivyo.

Sasa tuje kwenye karanga zenyewe.

Baada ya vita ya pili Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Watu wake walipewa mafuta na siagi kwa kipimo, kwa kadi. Mkubwa mmoja wa kampuni ya United Africa, Frank Samuel, akatoa wazo kwamba karanga zilimwe kwa mashine katika Afrika Mashariki. Serikali ikatuma ujumbe wa watu watatu, mkuu wao John Wakefield. Huyu hakuwa mgeni, alikuwa ameongoza idara ya kilimo ya Tanganyika. Lakini walitembea kwa majuma tisa tu, nchi nyingine wakiitazama kutoka ndani ya ndege, na walianza mwezi wa Juni, kiangazi kimekwisha kushika. Hebu fikiri, ndugu mkulima: kuna mtu anayenunua shamba kwa kulitazama kiangazi tu, tena kutoka juu?

Mpango uliotoka ulikuwa wa ekari 3,210,000, zikigawanywa mashamba 107, kila shamba ekari 30,000. Mashamba 80 yalitakiwa yawe Tanganyika, mengine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Ili uuone ukubwa wake, pima hivi. Wilaya nzima ya Kongwa ya leo, pamoja na milima, barabara, makorongo na nyumba, ina kilomita za mraba 4,041. Hiyo ni karibu ekari milioni moja. Mpango ule ulitaka karanga za zaidi ya wilaya tatu kama hiyo. Fedha iliyokadiriwa ilikuwa paundi milioni 25 hivi, na mwenye kuutetea bungeni alikuwa John Strachey, Waziri wa Chakula.

Kongwa ilichaguliwa ianze kwa sababu reli ya kati ilikuwa karibu na pori lake lilionekana jepesi kuliko la Nachingwea na Urambo. Mwaka 1947 mashine zikaanza kufika. Nyingi zilikuwa za mitumba ya vita, zimechoka kabla hazijaanza. Baadaye hata vifaru vya kivita viligeuzwa kuwa matrekta. Pori lile lililoonekana jepesi likawa kaidi. Vichaka vya Kongwa hulala mbele ya tingatinga halafu huinuka nyuma yake. Walifunga mnyororo wa nanga ya meli kati ya tingatinga mbili, wakaukokota ung'oe miti. Juu ya ardhi kulisafika, lakini mizizi ilibaki chini, na ikavunja majembe ya sahani moja baada ya jingine. Mibuyu ilikuwa shida ya peke yake, na nyuki waliokaa ndani yake hawakujua habari ya Waziri wa Chakula.

Mwaka wa kwanza walikusudia kulima ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa 7,500 hivi. Ukipiga hesabu ni ekari moja kwa kila ishirini zilizoahidiwa.

Lakini pigo lenyewe halikutoka kwenye pori. Lilitoka kwenye udongo, na hapa mkulima wa karanga atanielewa upesi kuliko mhandisi. Karanga haizai kama maharage. Ua likikwisha kuchavushwa, kikonyo chake huinama, hutoboa ardhi na kwenda kuzalia chini. Kwa hiyo karanga hutaka udongo tifutifu mara mbili: wakati wa kuingiza kikonyo, na tena wakati wa kung'oa. Kongwa mvua ilipokatika, udongo ukafunga. Vikonyo vilivyochelewa vikagonga juu kama msumari kwenye sakafu. Karanga zilizokwisha kuzaa zikabaki zimefungiwa humo, ukivuta shina linatoka peke yake. Mashine za kuvunia zilishindwa. Walijaribu na alizeti, ukame ukazipiga. Baada ya misimu miwili, karanga zilizokuwa zimevunwa ni tani 2,000 hivi tu, na ilisemwa wazi kwamba mbegu iliyonunuliwa ilikuwa nyingi kuliko mavuno.

Mtu atauliza, je, Wagogo hawakujua? Walijua. Wao wenyewe walilima karanga kidogo kidogo, katika vipande vya mchanga walivyovichagua, si katika uwanda wa mfinyanzi. Na mimi sisemi kwamba mkulima wa kienyeji anajua kila kitu, maana tungekuwa tunajidanganya. Lakini kipimo cha mvua kinachoaminika kinataka miaka mingi, na mahali pasipo kipimo cha chombo, kumbukumbu ya wazee ndiyo kipimo kilichopo. Kuuliza hakukuwa na gharama yoyote.

Wakati huo huo mji ukazaliwa. Maelfu ya vibarua walikuja kutoka kila pembe ya Tanganyika, na Wazungu kwa mamia pamoja na familia zao. Reli ya tawi ikajengwa kutoka Msagali. Zikatokea karakana, hospitali, maduka, na shule ya bweni ya watoto wa Kizungu. Maji yalikuwa taabu siku zote. Wagogo wa karibu waliuza maziwa, kuku, nyama na nafaka kwa bei ambayo hawakupata kuiona, na wengine wakauza mpaka akiba. Mvua zilipokuwa mbaya mwaka 1949, wengi wa hao waliouza akiba walirudi kununua chakula kwa bei iliyokwisha kupandishwa na mishahara ya mradi. Jambo hili halitajwi sana katika hesabu za hasara. Zinazotajwa ni paundi milioni 36 ambazo serikali ya Uingereza ilizifuta Januari 1951, mradi ulipovunjwa.

Watu wakaondoka kama walivyokuja. Katikati ya miaka ya 1950 ardhi ikawa chini ya Shirika la Kilimo la Tanganyika, nalo likafanya jambo la busara: likarudisha ng'ombe mahali pa ng'ombe. Shule ya Wazungu ilifungwa mwaka 1958. Reli ya tawi ikang'olewa. Urambo wakulima walipata tumbaku, na Mtwara ilibaki na bandari yake. Kongwa ilibaki na ranchi, ambayo baadaye iliwekwa chini ya Kampuni ya Taifa ya Ranchi, iliyoanzishwa mwaka 1968. Ukubwa wake ni hekta 38,000 hivi, na inajulikana mpaka leo.

Majengo matupu yalipata wageni wengine tena. Kuanzia mwaka 1964 serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika makambi ya mafunzo pale Kongwa. Walikuwapo FRELIMO wa Msumbiji, SWAPO wa Namibia, ANC wa Afrika Kusini, na wengine kutoka Angola na Zimbabwe. Samora Machel, aliyekuja kuwa Rais wa Msumbiji, alikuwa mkuu katika kambi ya FRELIMO hapo. Wanakijiji waliwauzia mahindi na mboga, wakacheza nao mpira, wengine wakaoleana. Mahali palipowashinda wakoloni kulima pakawafundisha watu kuwaondoa wakoloni. Haya ni maneno yangu, lakini wazee wa Kongwa nadhani hawatayakataa.

Kisha ikaja Operesheni Dodoma ya mwaka 1970 na 1971, ndugu wakulima, ambayo wengi wa umri wangu wanaikumbuka. Wagogo walihamishwa kutoka miji yao iliyotawanyika wakaishi pamoja vijijini. Shule ilikaribia, zahanati ilikaribia, na hilo ni jema lisilobishwa. Lakini mashamba nayo yalikusanyika. Ile desturi ya kulima kipande miaka michache, kukiacha, kisha kuhamia kingine, haikuwa rahisi tena. Mbolea ya zizi ilijaa penye nyumba, na shamba la mbali halikuonja hata kikapu. Ardhi ya karibu na kijiji ililimwa kila mwaka, ikachunguliwa na mbuzi kila kiangazi, na upepo ukachukua udongo wa juu.

Sasa fungua masikio, maana nafika kwenye hesabu. Kongwa ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mpwapwa hadi katikati ya miaka ya 1990, ilipofanywa wilaya yake yenyewe. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu humo watu 249,760. Sensa ya mwaka 2012 ikahesabu 309,973. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 443,867. Katika miaka kumi ya kwanza waliongezeka watu 60,213. Katika kumi ya pili waliongezeka 133,894, zaidi ya mara mbili ya wale.

Ardhi haikuongezeka hata hatua moja. Chukua zile ekari karibu milioni moja za wilaya nzima, uzigawe kwa vichwa. Mwaka 2002 kila mtu, mkubwa na mtoto, angepata ekari nne. Mwaka 2012 angepata ekari tatu na kidogo. Mwaka 2022 angepata ekari mbili na robo. Tena katika hizo usisahau kutoa ranchi, vilima, makorongo, barabara na viwanja vya nyumba. Ranchi peke yake inachukua karibu ekari moja katika kila kumi na moja.

Usinielewe vibaya. Watu si laana. Watu wakiongezeka, soko linaongezeka. Mtazame Kibaigwa, mji uliopo juu ya barabara kuu ya Morogoro katika wilaya hiyo hiyo. Una soko kubwa la mahindi ambalo malori hulijia kutoka mbali, na umekuwa na kelele kuliko Kongwa yenyewe iliyo makao makuu. Zamani mkulima wa Ugogo alilanguliwa nafaka yake mlangoni. Siku hizi anaweza kujua bei ya Kibaigwa kabla hajapakia gunia.

Lakini mengi ya mahindi hayo hayatoki Kongwa. Yanatoka upande wa kaskazini, Kiteto, mkoa wa Manyara, ambako wakulima wengi wa Kongwa wamevuka mpaka kutafuta mashamba. Kiteto ni nchi ya malisho ya Wamasai. Wafugaji nao walikuwa wamesikia neno hilo hilo, kwamba nchi yao ni tupu. Mwaka 2013 na 2014 wakulima na wafugaji walipigana huko na watu walikufa. Pori la kuhamia linakwisha.

Kwa hiyo mkulima wa Kongwa aliyebaki na ekari zake nne au tano anafanyaje? Wapo wanaofunga matuta: unalima matuta kwa kukingama mteremko, kisha kila baada ya hatua mbili tatu unaweka kituta kidogo kati ya tuta na tuta, maji ya mvua yakae humo yazame badala ya kukimbilia korongoni. Katika nchi ya milimita 500, mvua inayozama ndiyo mvua, ile inayotiririka ni ya jirani wa bondeni. Wapo wanaorudisha uwele na mtama katika mashamba ambayo mahindi yamewadanganya miaka mitatu kati ya mitano. Wapo wanaopanda alizeti, ndiyo, zile zile zilizoshindwa mwaka 1949, lakini kwa mbegu nyingine na katika mashamba waliyoyachagua wenyewe, wakipanda mvua inapotulia. Karanga nazo zimo, kwenye mchanga. Na wenye mifugo wanaanza kubeba samadi kwa mkokoteni wa punda kupeleka shamba la mbali, kazi ambayo vijana wanaidharau mpaka wanapoona mavuno.

Nakuomba na wewe ufanye hesabu hii kijijini kwako, haichukui zaidi ya jioni moja. Muulize mtendaji wa kijiji kwenu mna watu wangapi, na mlikuwa wangapi katika sensa iliyotangulia. Ukubwa wa ardhi ya kijiji uko katika karatasi za ofisi yake. Gawanya. Kisha kaa na mzee mmoja aliyelima hapo miaka arobaini, umwulize mvua ilikatika mwezi gani katika miaka mibaya anayoikumbuka, na vipande gani vya shamba vilivuna hata miaka hiyo. Mpelekee Bwana Shamba majibu yote mawili, kabla hamjachagua mbegu ya msimu ujao.